Kukunja na Kukunjua: Historia Fupi ya Antena Kubwa za Vyombo vya Angani

Utangulizi

Kila mwaka tunapofundisha mnyambuliko wa vitenzi tunafika kwenye kauli ya kutendua, na mifano ya kwanza tunayoiandika ubaoni huwa ile ile: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Wanafunzi huielewa upesi kwa kuwa kila mmoja amewahi kukunjua mkeka au mwavuli. Ugumu huanza tunapoongeza viambishi vingine. Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani kama kuna haja yoyote ya kutofautisha "mwavuli umekunjuliwa" na "mwavuli umekunjuka", ikiwa mwisho wa yote mwavuli uko wazi. Siku hiyo tulimjibu kwa kanuni za sarufi, na jibu letu halikumridhisha yeye wala halikuturidhisha sisi.

Jibu lililo bora tulilipata mahali ambapo hatukupatarajia, yaani katika historia ya antena za vyombo vya angani. Kuna antena moja iliyokunjuliwa mwaka 1991 lakini haikukunjuka, na kwa ajili ya tofauti hiyo ya kiambishi kimoja mamia ya wahandisi walikesha kwa miaka. Kuna na antena nyingine iliyokunjuka vizuri mwaka 1974, ikaja kuning'inia juu ya Ziwa Viktoria letu kwa muda wa mwaka mmoja, ikisema lugha nne ambazo hakuna hata moja kati yake iliyokuwa ya kwetu.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya antena hizo, kwa nini zilihitajika, zilivyobuniwa na zilivyokwama, na kisha kuonyesha mambo mawili matatu yanayotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Hatukusudii kumfanya msomaji awe mhandisi. Tunakusudia kuonyesha kwamba habari hizi zaweza kusimuliwa kwa Kiswahili cha kawaida, na kwamba ndani yake mna somo letu.

Kwa nini ungo uwe mkubwa, na kwa nini ukunjwe

Antena ya ungo, au dishi kama wengi wanavyoiita mitaani, hufanya kazi kama kioo kilichoko nyuma ya balbu ya kurunzi. Kioo hicho huchukua mwanga unaotawanyika na kuukusanya uende upande mmoja. Ungo wa antena hufanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio. Kadiri kipenyo chake kinavyokuwa kikubwa ukilinganisha na urefu wa wimbi, ndivyo miali inavyokuwa myembamba na yenye nguvu mahali inapoelekezwa. Aidha, ungo mkubwa hunasa sauti hafifu ambazo ungo mdogo hauwezi kuzisikia.

Basi kuna mashauri mawili. Ukiwa na ungo mdogo kule juu, lazima watu wa chini wawe na nyungo kubwa na za gharama. Ukiwa na ungo mkubwa kule juu, watu wa chini wataweza kutumia vyombo vidogo na rahisi, hata simu ya mkononi. Kwa nchi maskini shauri la pili ndilo lenye manufaa, kwa kuwa chombo cha juu ni kimoja, na vya chini ni maelfu.

Lakini roketi ina mlango wake. Sehemu ya mbele ya roketi inayobeba mzigo kwa kawaida haizidi upana wa mita nne au tano. Ungo wa mita 9 au 12 hauwezi kuingia humo ukiwa wazi. Hapo ndipo wahandisi walipolazimika kujifunza kazi ambayo mshona miavuli anaijua tangu zamani: kukifanya kitu kikubwa kiwe kidogo kwa muda, kisha kirudi katika ukubwa wake.

Kazi hiyo ina masharti magumu. Kwanza, ungo ukishafunguka lazima uwe na umbo sahihi la parabola. Kasoro za uso wake zisizidi sehemu ndogo tu ya urefu wa wimbi, la sivyo mawimbi yatavurugana. Pili, lazima uwe mwepesi. Tatu, lazima ustahimili mtikisiko wa roketi, kisha joto la jua upande mmoja na baridi kali ya kivuli upande wa pili. Nne, lazima ufunguke mara moja tu, mahali ambapo hakuna fundi wa kuupiga kofi ukikwama.

Kuhusu uzito, ufumbuzi ulikuwa wavu. Mawimbi ya redio hayapenyi matundu yaliyo madogo sana kuliko urefu wake. Huyaona kama ukuta. Kwa hiyo hapana haja ya bati zima, wavu watosha. Nyavu zilizokuja kutumika sana hufumwa kwa nyuzi za madini ya molibdenamu zilizopakwa dhahabu, nyembamba kuliko unywele, kwa mashine za ufumaji zinazofanana na zile za viwanda vya nguo. Hivyo moja ya vyombo vya kisasa kabisa vya binadamu ni kitambaa kilichofumwa na kutandazwa juu ya njiti.

Antena iliyokaa juu ya ziwa letu

Tarehe 30 Mei 1974 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilirusha setilaiti iliyoitwa ATS-6. Juu yake palikuwa na ungo wenye kipenyo cha mita 9.1, mkubwa kuliko wowote uliokuwa umewahi kutumika katika setilaiti ya mawasiliano hadi siku hiyo. Ulikuwa na mbavu 48 za aluminiamu, bapa na zenye kunyumbuka, na katikati ya mbavu hizo palitandazwa kitambaa cha nyuzi za plastiki kilichopakwa shaba. Mbavu zote zilizungushwa kwenye kitovu, mmoja juu ya mwingine, kama mtu anavyozungusha futi ya fundi cherehani kidoleni. Mzigo wote ulikuwa na upana wa takribani mita 2. Setilaiti ilipofika mahali pake, vifungo vilikatwa, na mbavu zikajinyoosha zenyewe kwa nguvu ya unyumbufu wake. Hapakuwa na mota ya kuzisukuma. Kwa lugha ya somo letu, ungo ule haukukunjuliwa hasa, ulikunjuka.

Mwaka wa kwanza setilaiti hiyo ilitumika Marekani, ikipeleka masomo na huduma za afya katika sehemu za milimani na huko Alaska. Kisha, katikati ya mwaka 1975, ilisogezwa polepole kuelekea mashariki hadi longitudo ya nyuzi 35 mashariki. Msomaji na achukue ramani. Setilaiti ya aina hii hukaa juu ya ikweta, takribani kilomita 36,000 kutoka ardhini, na huzunguka sambamba na dunia hata ikaonekana kama imesimama. Ikweta na longitudo ya nyuzi 35 hukutana karibu na Kisumu, mashariki ya Ziwa Viktoria, mwendo mfupi kutoka mpaka wetu wa Busia. Kwa mwaka mzima ungo mkubwa kupita wote wa aina yake ulikuwa karibu utosini mwetu.

Haukuwekwa hapo kwa ajili yetu. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa setilaiti ingeweza kuiona India upande mmoja na kituo cha Wamarekani kilichokuwa Hispania upande wa pili. Mwaka 1969 India na NASA walitiliana saini mkataba wa jaribio la kufundisha kwa televisheni, jaribio lililojulikana kwa kifupi kama SITE. Aliyelipigania sana kwa upande wa India ni mwanasayansi Vikram Sarabhai, aliyefariki Desemba 1971 kabla ya kuona matunda yake. Masharti ya mkataba yalikuwa wazi: Wamarekani wangeazima antena kwa mwaka mmoja, na Wahindi wangetengeneza vipindi vyote wao wenyewe, na kuandaa na kutunza vyombo vya kupokelea.

Matangazo yalianza tarehe 1 Agosti 1975 na kukoma tarehe 31 Julai 1976. Vilichaguliwa vijiji 2,400 katika majimbo sita: Andhra Pradesh, Bihar, Karnataka, Madhya Pradesh, Orissa na Rajasthan. Vingi kati ya vijiji hivyo vilikuwa havijaona televisheni kamwe. Kila kijiji kilipewa televisheni moja ya kuangaliwa na watu wote, na ungo wa mita 3 uliotengenezwa kwa wavu wa waya kama ule wa mabanda ya kuku. Hapa ndipo manufaa ya ungo mkubwa yalipoonekana. Kwa masafa ya megahezi 860 na kipenyo cha mita 9.1, miali ya ATS-6 ilikuwa na upana wa chini kidogo ya nyuzi 3, hivyo nguvu yote ikaelekezwa India badala ya kutawanywa baharini. Mtambo wenye nguvu ya wati 80 tu, nguvu ya balbu ya sebuleni, ulitosha kuleta picha hadi kwenye wavu wa kuku.

Asubuhi vilirushwa vipindi vya watoto wa shule kwa saa moja na nusu, na jioni vipindi vya watu wazima kwa saa mbili na nusu: kilimo, afya, uzazi wa mpango, habari na burudani. Lugha zilizotumika ni nne: Kihindi, Kitelugu, Kikannada na Kioriya. Setilaiti ilikuwa na njia moja ya picha lakini njia mbili za sauti, kwa hiyo picha moja iliweza kwenda na lugha mbili kwa wakati mmoja, na kila kijiji kikasikiliza ya kwake. Studio za kutengeneza vipindi zilifunguliwa Delhi, Cuttack na Hyderabad. Walimu, waandishi, waigizaji na watafsiri walikuwa kazini miaka kadhaa kabla ungo haujafunguka angani.

Tunaomba msomaji apatafakari hapo. Ungo ulikuwa juu ya Kisumu. Lugha zilizotoka humo hazikuwa Kiswahili, Kiluo wala Kiganda. Hatusemi hivyo kwa kulaumu. Ungo ulielekezwa kwa watu waliokuwa wameandaa maneno ya kupitisha ndani yake. Mwaka ulipoisha, setilaiti ilianza safari ya kurudi upande wa Marekani, na njiani ikafanya maonyesho mafupi katika nchi kadhaa zinazoendelea, zikiwamo za Afrika. Vijijini India skrini zikawa kimya. Lakini ujuzi ulibaki, na mwaka 1983 India ikawa na setilaiti yake yenyewe ya televisheni iliyofanya kazi, INSAT-1B. ATS-6 ilistaafishwa mwaka 1979.

Leo hii, mtu akipita mitaa ya Kampala ataona madishi ya televisheni yanayotazama karibu moja kwa moja juu, mengine yakikinga maji ya mvua. Yanatazama nyuzi 36 mashariki, jirani kabisa na mahali ATS-6 ilipokuwa.

Ungo ulionasa mkia

Mwaka ule ule wa 1979 Warusi nao walipata somo lao. Katika kituo cha angani cha Salyut-6 walikuwamo wanaanga wawili, Vladimir Lyakhov na Valery Ryumin, waliokuwa wamefika mwezi wa Februari. Mwezi wa Julai walifungua nyuma ya kituo chao antena ya wavu iliyoitwa KRT-10, yenye kipenyo cha mita 10, kwa ajili ya kusikiliza mawimbi ya redio kutoka kwenye nyota. Ilikuwa imeletwa vipande vipande na chombo cha mizigo, nao wakaiunganisha ndani.

Antena ilifunguka na kutumika. Tatizo lilikuja wakati wa kuitupa. Tarehe 9 Agosti walipoiachilia, haikwenda. Wavu ulikuwa umenasa kwenye sehemu ya nyuma ya kituo, ukawa kama kanga iliyonaswa na mwiba, na kuuziba mlango ambao vyombo vya mizigo vilikuwa vikiutumia. Walijaribu kuutikisa kwa injini za kituo bila mafanikio. Tarehe 15 Agosti, baada ya miezi sita ya kukaa bila uzito, miili ikiwa imedhoofu, wanaanga hao walitoka nje. Ryumin alitambaa hadi nyuma, akakata nyaya zilizonasa, kisha akausukuma wavu kwa ufito hadi ukaenda zake. Siku nne baadaye walirudi duniani.

Wavu unaofumwa ili unase mawimbi hunasa na mambo mengine. Wahandisi waliobuni nyungo zilizofuata walijifunza kuuogopa wavu wao wenyewe: jinsi ya kuupanga ndani ya mkunjo usijikwaruze, wala kushika ncha ya ubavu au kichwa cha skrubu.

Ungo uliokunjuliwa usikunjuke

Sasa tunafika kwenye kisa tulichokitaja mwanzoni. Chombo cha Galileo kilitengenezwa kwenda kuichunguza sayari ya Mshtarii. Antena yake kubwa ilikuwa na kipenyo cha mita 4.8, yenye mbavu 18 na wavu wa molibdenamu uliopakwa dhahabu. Ilikuwa imekunjwa kama mwavuli kuzunguka nguzo ya katikati. Umbo hilo halikuwa geni, kwani setilaiti za NASA za kupokezana mawasiliano, zilizoanza kurushwa mwaka 1983, zilikuwa na nyungo za namna hiyo nazo zilikuwa zimefunguka salama.

Galileo ilitakiwa kuondoka mwaka 1986. Lakini tarehe 28 Januari mwaka huo chombo cha Challenger kililipuka na watu saba wakafa, na safari zote zikasimamishwa. Galileo ilirudishwa California kutoka Florida kwa lori, ikahifadhiwa, kisha ikapelekwa tena Florida kwa lori. Hatimaye iliondoka tarehe 18 Oktoba 1989. Kwa kuwa njia mpya ilipitia kwanza karibu na Zuhura, ambako jua ni kali, antena iliachwa ikiwa imefungwa chini ya kivuli chake hadi chombo kiwe mbali na joto.

Tarehe 11 Aprili 1991 amri ya kufungua ilitumwa. Mota mbili zilianza kugeuza skrubu iliyokuwa katikati, ambayo ilipaswa kuzisukuma mbavu zote kwa pamoja ndani ya dakika chache. Mota zilizunguka kidogo kisha zikakwama. Hapakuwa na kamera ya kuangalia. Wahandisi walilazimika kukisia kwa dalili: umeme uliotumiwa na mota, jinsi chombo kilivyoyumba kikizunguka, na kivuli kilichoonekana kukatiza kitambuzi cha jua. Waliichukua antena ya akiba iliyobaki duniani wakaikwamisha makusudi kwa namna mbalimbali hadi dalili zikafanana. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mbavu chache, yamkini tatu, zilikuwa bado zimeshikamana na nguzo.

Chanzo kilikuwa kidogo mno. Kila ubavu ulishikiliwa na pini zilizoingia katika vishimo vyake, na pini hizo zilipakwa kilainisho kikavu. Katika zile safari za lori, pini zilisuguana na vishimo kwa mtikisiko wa barabara hadi kilainisho kikatoka. Hapa chini hewa huacha utando mwembamba juu ya chuma, kwa hiyo chuma na chuma havishikani kwa urahisi. Penye utupu utando huo ukishakwaruzwa haurudi, na msuguano huwa mkali hata vyuma vikang'ang'aniana. Kamba hukatikia pabovu: chombo kilichokwenda umbali wa mamilioni ya kilomita kiliharibiwa na kilomita elfu chache za barabara ya lami.

Walijaribu kila njia. Waliigeuza antena kwenye jua ipanuke, kisha kwenye kivuli isinyae, mara nyingi, wakitumaini pini zitateleza. Mwishoni mwa mwaka 1992 na mwanzoni mwa 1993 waliziwasha na kuzizima mota zaidi ya mara 13,000, kama mtu anayegonga kwa nyundo. Skrubu ilisogea kidogo tu. Ungo ulibaki kama mwavuli uliovunjika upande mmoja.

Mwanafunzi wetu apate jibu lake hapa. "Kunjuliwa" ni kauli ya kutendwa. Humtazama mtendaji na amri yake. "Kunjuka" ni kauli ya kutendeka. Hukitazama kitu chenyewe na hali kilichofikia. Tarehe 11 Aprili 1991 antena ya Galileo ilikunjuliwa, maana amri ilitoka na mota zikazunguka. Haikukunjuka. Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kusema sentensi hiyo, "imekunjuliwa lakini haijakunjuka", na akaeleweka bila maelezo zaidi.

Lakini kisa hakikuishia katika masikitiko. Galileo ilikuwa na antena nyingine ndogo, isiyokunjwa. Antena kubwa ingeweza kutuma biti 134,000 kwa sekunde. Ile ndogo ingetuma biti chache tu, mwanzoni kati ya 8 na 16. Wahandisi walichukua miaka ya safari kuandika programu mpya na kuzituma angani, ili kompyuta ya chombo ijue kuzifupisha habari kabla ya kuzituma. Duniani waliziboresha nyungo kubwa za kusikilizia na kuziunganisha kadhaa zisikilize kwa pamoja. Hatimaye walifikia hadi biti 160 kwa sekunde. Picha zilihifadhiwa kwenye utepe, zikatumwa polepole kwa majuma na miezi. Haba na haba hujaza kibaba: Galileo ilifika Mshtarii tarehe 7 Desemba 1995, ikakaa huko hadi ilipozamishwa ndani ya sayari hiyo tarehe 21 Septemba 2003, ikiwa imetimiza sehemu kubwa ya kazi iliyotumwa.

Kutoka mbavu hadi pete

Baada ya hapo wabunifu waliendelea kutafuta njia zenye mashaka machache. Mwezi Mei 1996 chombo cha Endeavour kilibeba ungo wa kupulizwa kwa gesi, kama puto, wenye kipenyo cha mita 14. Ulijazwa na kufikia umbo lake, ingawa ulitingishika kwa namna ambayo haikutarajiwa. Wajapani nao walibuni ungo wa vipande vyenye pembe sita vilivyounganishwa. Kwanza walirusha mfano mdogo Desemba 2000, ukashindwa kufunguka. Hawakuendelea kwa kubahatisha. Walirekebisha, wakarusha mfano wa pili Oktoba 2006 ukafaulu, na Desemba mwaka huo wakarusha setilaiti ya ETS-VIII yenye nyungo mbili, kila mmoja mita 19 kwa 17, zenye vipande 14. Zote zilifunguka.

Njia iliyopata kutumika sana ni ile ya pete. Badala ya mbavu zinazotoka kitovuni, pana pete ya vijiti vyepesi inayopanuka kama kikapu kinachotanuliwa mdomo. Kamba inayopita ndani ya pete huvutwa na mota, na pete hutanuka. Ndani ya pete mna nyavu mbili, moja ikibonyea mbele na nyingine nyuma, zikivutana kwa nyuzi nyingi. Mvutano huo ndio unaoupa wavu wa mawimbi umbo la parabola. Katikati hakuna chuma chochote, na kwa hiyo uzito ni mdogo.

Setilaiti ya kwanza ya Thuraya, kampuni ya Abu Dhabi, iliyorushwa tarehe 21 Oktoba 2000, ilikuwa na ungo wa pete wa mita 12.25, uzito wake takribani kilo 55, yaani uzito wa mfuko mmoja wa saruji na kidogo zaidi. Kwa ungo huo simu ndogo ya mkononi iliweza kuzungumza na setilaiti moja kwa moja, bila mnara. Wale waliofanya kazi Sudan Kusini, Somalia au mashariki ya Kongo katika miaka ile wanazikumbuka simu hizo na antena zake nene, ambazo mtu alitoka nje ya nyumba ili azitumie. Jina lenyewe, Thuraya, ni la Kiarabu, nasi tunalo katika Kiswahili: ni lile lile la nyota za kilimia na la taa ya thurea iningʼiniayo. Ni jina lililofaa kwa kitu cha kuning'inia angani.

Na duara limekamilika kwa namna fulani. Tarehe 30 Julai 2025 roketi ya India iliyoondoka Sriharikota ilibeba setilaiti ya NISAR, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa India na NASA, miaka 50 kasoro siku mbili tangu matangazo ya kwanza ya SITE. Ina ungo wa pete wa mita 12, wenye wavu uliopakwa dhahabu, juu ya mkono wa mita 9. Mwezi wa Agosti mkono ulinyooshwa kiungo kimoja kimoja kwa siku nne, kisha pete ikakunjuka. Safari hii India haikuazimwa antena. Ilileta roketi, chombo na rada yake moja, huku wenzao wakileta rada ya pili na ungo. Kazi yake ni kupima mwendo wa ardhi, hata wa sentimita chache: maporomoko, matetemeko na volkano. Majirani zetu wa Goma, waliokimbia lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na tena mwaka 2021, hawahitaji kuelezwa thamani ya habari za namna hiyo. Wanachohitaji ni kuelezwa habari zenyewe kwa lugha wanayoielewa.

Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya nyungo hizi ni historia ya kitu kimoja kinachorudiwa: kukunja kwa uangalifu ili siku ya kukunjua kisikwame. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. ATS-6 ilifunguka kwa sababu nguvu ya kufunguka ilikuwa ndani ya mbavu zenyewe tangu kiwandani. Galileo ilikwama kwa sababu ya jambo dogo lililopuuzwa njiani. India ilifaidi antena ya kuazima kwa sababu ilikuwa imeandaa vipindi, lugha na walimu kabla ya antena kufika.

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili yapo mambo mawili ya kuyashika. La kwanza ni kwamba lugha yetu si masikini mbele ya habari hizi. Katika makala haya tumetumia ungo, wavu, njiti, mbavu, pete, pini na msuguano, na pale pasipokuwa na neno tumekopa na kuendelea. Kauli ya kutendua na kauli ya kutendeka zimeeleza tofauti ambayo lugha nyingine huhitaji sentensi nzima kuieleza. Tunawaomba walimu wenzetu wasiogope kuwapa wanafunzi insha za sayansi. Mnyambuliko wa vitenzi hueleweka vizuri zaidi ukiwa na kitu cha kunyambulia.

La pili ni zito zaidi. Nyungo zitaendelea kupita juu yetu, nyingine zikisimama pale pale juu ya Kisumu. Swali si kama zitakuwapo. Swali ni kama siku ungo ukielekezwa kwetu tutakuwa na vipindi, vitabu, istilahi na wafasiri walio tayari, au tutakuwa bado tunatafuta kalamu. Kazi hiyo haifanywi na wahandisi. Hufanywa katika madarasa kama yetu, miaka kadhaa kabla ya siku yenyewe, wakati samaki angali mbichi.

Mwanafunzi yule aliyetuuliza swali la mwavuli amekwisha hitimu na kuondoka. Akiusoma ukurasa huu, na alipokee jibu lake kwa moyo mkunjufu, neno ambalo nalo, kama atakavyokumbuka, limetokana na kunjua.